Magoti ya Mzee Manyanda

Video ilikuwa ya sekunde ishirini na mbili. Niliipokea Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya maandazi pale Majengo, na kabla ya kuifungua nilidhani ni mambo ya kawaida ya WhatsApp, mahubiri au mtoto anayecheza. Namba sikuijua. Nikabonyeza. Nikaona fimbo, shuka jekundu, kisha magoti mawili makavu yakishuka polepole kwenye udongo wa shamba la mahindi.

Maandazi sikununua.

Magoti yale niliyajua. Nilikuwa nimeyatazama mara nyingi kwenye kompyuta yangu nikipanga picha na sauti. Yalikuwa ya Mzee Manyanda wa Kabungu, na yalitoka kwenye filamu yangu, ambayo mpaka asubuhi ile niliamini hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameiona. Chini ya video palikuwa na maneno:

"Aneth habari. Filamu yako yote ninayo. Milioni tatu kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Ukichelewa hiki kipande kinaingia kwenye magrupu yote ya Mpanda, na filamu nzima inaenda maduka ya flashi. Usisumbuke kupiga."

Nilipiga. Haikupokelewa.

Nitasema wazi jinsi alivyoipata, maana nimeshaacha kuona aibu. Wiki mbili kabla ya hapo niliandikiwa barua pepe ya kunipongeza: filamu yangu imechaguliwa kwenye tamasha kubwa, niingie hapa nithibitishe. Nikaingia, nikaandika neno langu la siri, lile lile linalofungua hifadhi ya filamu zangu mtandaoni, huku machozi ya furaha yakinitoka. Sikuwa nimeipeleka filamu ile kwenye tamasha lolote. Nilidhani tu kwamba habari zake zimewafikia. Mtu aliyemaliza chuo, amerudi kwao, na kila siku anaulizwa ameajiriwa wapi, hukubali haraka sana kwamba amechaguliwa.

Kilichonikata maini hakikuwa milioni tatu, ambazo hata hivyo sikuwa nazo. Ilikuwa ahadi.

Filamu ilihusu mjane ambaye shamba lake limeliwa na ng'ombe wa mfugaji. Kule kwetu hadithi hiyo haihitaji kubuniwa sana. Mjane alichezwa na Mama Lusia, Mbende wa hapo hapo Katavi, mwanamke mwenye maneno kama pilipili. Mfugaji alichezwa na Mzee Manyanda, Msukuma aliyekuja Katavi na ng'ombe wake akitokea Maswa. Na kila mtu Kabungu alijua kwamba miaka minne iliyopita ng'ombe wa Manyanda waliingia kweli kwenye mahindi ya Lusia, wakayamaliza kwa usiku mmoja. Faini ililipwa mbele ya baraza la kijiji. Lakini tangu siku hiyo Manyanda akimwona Lusia njiani alikuwa anakata kona.

Nilipowaomba wacheze pamoja, kijiji kizima kilinicheka. Wakakubali wote wawili, kila mmoja kwa sababu alisikia mwenzake amekubali.

Katika tukio la mwisho, Mzee Manyanda alitakiwa kusimama, kumkabidhi Lusia kamba ya mtamba, na kusema sentensi moja ya Kiswahili. Hakusema. Alisimama pale na ile kamba mkononi, akatazama chini, na kisha akapiga magoti. Akaongea Kisukuma, kwa sauti ya chini, na mabega yakamtikisika. Lusia akapokea kamba. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakujibu kitu. Mimi nyuma ya kamera niliendelea kurekodi.

Kwa Wasukuma anayepiga magoti kuamkia ni mwanamke, au kijana mbele ya mkubwa wake. Mzee mwenye boma la ng'ombe na wajukuu hampigii magoti mwanamke, tena mwanamke wa kabila lingine, tena mbele ya kamera. Jioni ile alinivuta pembeni.

"Binti Deo," aliniambia. "Ile usiikate."

"Sitaikata, mzee."

"Ila mtu asiione peke yake kwenye simu, akacheka. Waione wote siku moja, nyumba moja, tangu mwanzo, waelewe nilifikaje pale chini. Na mimi niwe nimekaa humo humo wanione."

Nikampa mkono. Na yule mtamba tuliyemwazima kwake kwa ajili ya tukio lile, mzee alikataa kurudishiwa, akasema ni wa Lusia. Lusia akampa jina: Sinema.

Sasa mtu nisiyemjua alikuwa ameshika magoti ya mzee yule, bila mwanzo wala maelezo, na alikuwa tayari kuyatupa kwenye kila simu ya Mpanda.

Nilikwenda polisi. Askari wa zamu alinisikiliza vizuri, akaandika kila kitu, akaniambia nisilipe na nisifute ujumbe. Akasema pia kwamba kumpata mtu wa namna hiyo si kazi ya siku nne. Nikarudi nyumbani.

Nyumbani kwetu ni nyuma ya banda la baba. Baba yangu, Deogratias, alikuwa na banda la video lililojulikana Mpanda nzima. Nilipokuwa mdogo watu walikuwa wanajibana kwenye viti virefu vya mbao, wengine wamekaa chini, na baba akisimama mbele na kipaza sauti akiitafsiri filamu. Hakujua Kihindi wala Kichina. Alijua watu wa Mpanda. Mchina akiruka ukuta, baba anamsemea, "Ngoja nikamfuate huyu aliyenikopa mbolea!" na banda linapasuka kwa kicheko. Ada yangu ya shule ilitoka pale. Kisha zikaja simu kubwa, zikaja bando, yakaja maduka ya kujaziwa filamu ishirini kwenye flashi kwa bei ya soda, na viti vikaanza kubaki vitupu. Wakati natoka chuo, banda lilikuwa linafunguliwa siku za mpira tu. Mwaka huu likawa stoo ya magunia ya mpunga ya watu.

Nilimkuta anapanga magunia hayo. Nikamwonyesha simu. Alitazama video mara mbili, akakaa juu ya gunia.

"Tuuze jenereta na projekta," akasema. "Hazifiki hiyo hela, ila tumwombe apunguze."

"Baba, ndiyo vitu pekee vilivyobaki vya banda."

"Banda gani? Hili la magunia?"

Halafu nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nalo rohoni tangu mwaka wa kwanza chuoni, tulipofundishwa hakimiliki.

"Zile filamu ulizokuwa unaonyesha, ulikuwa unazipata wapi?"

"Kwa jamaa mmoja wa Tabora. Anakopi, ananitumia kwa basi."

"Na waliozitengeneza?"

Baba alinitazama kama mtu aliyeulizwa mama wa mvua ni nani. "Mwanangu, hatukujua kwamba filamu ina mwenyewe. Tuliona zinakuja tu, kama mvua." Akasugua viganja vyake. "Mpaka nilipokuona wewe. Miezi minane unakaa na kompyuta hiyo, unarudia sauti ya kuku mmoja. Ndipo nikasema, kumbe! Kumbe kila moja ilikuwa na Aneth wake mahali."

Nilimpenda sana baba yangu siku ile.

"Kabla hatujauza kitu," nikasema, "inabidi nimwambie mwenyewe."

Jumatano nikapanda bodaboda mpaka Kabungu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuanzia, na vumbi la Julai likawa linayafuta moja moja. Mzee Manyanda alikuwa nje ya boma lake anamtoa ndama kupe. Mama Lusia alikuwepo pia, maana mtamba wake alikuwa na mimba na siku hizi alikuwa anakuja kuuliza namna ya kumtunza. Walikuwa wanabishana.

"Mlambishe chumvi, nimekwambia," Manyanda alikuwa anasema.

"Chumvi kila siku? Ng'ombe au mboga?"

"Nyie Wabende hamjui ng'ombe."

"Na nyie hamjui mpaka wa shamba!"

Wakacheka wote. Nikawaamkia. Manyanda akaitikia, akauliza, "Sinema imeiva?" na Lusia akadakia, "Ya kwangu ina miezi sita, ya kwako je?"

Sikuweza kucheka. Nikampa mzee simu. Aliishika mbali na macho, akatazama.

"Mbona nimezeeka hivi?" akasema. Akatazama tena mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika. "Hii ni ile. Kwa nini iko kwenye simu?"

Nikaeleza yote. Barua pepe, neno la siri, milioni tatu, Jumamosi saa sita. Sikujitetea. Nilipomaliza, kupe aliyekuwa vidoleni mwake alikuwa ameshapasuka na hakujua.

"Nilikupa mkono," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukasema hakuna atakayeiona peke yake."

"Nilisema."

"Na huyo ameiona peke yake. Na amecheka."

"Sijui kama amecheka."

"Kwa nini basi amechagua hii? Sinema ina saa nzima na nusu, umeniambia mwenyewe. Ndani kuna mvua, kuna harusi, kuna mbuzi. Amechagua magoti."

Alikuwa na haki. Mwizi yule alitazama filamu yangu kwa makini kuliko mtu yeyote, akajua pale penye uchungu.

"Baba anataka kuuza jenereta tulipe," nikasema.

Lusia akaruka. "Mlipe? Nani kawaambia nyani akipewa hindi moja anaacha shamba? Atakula hilo, kesho atakuja na wenzake!"

"Basi ichome," Manyanda akasema.

"Nikichoma ya kwangu, mzee, ya kwake inabaki."

Ndama alilia, hakumsikia. Kisha, bila kututazama, akaanza kusimulia habari ya ngoma.

Ujanani kwao Maswa alikuwa mtunzi wa nyimbo wa Bagalu, moja ya makundi ya ngoma ya Wasukuma. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na waamuzi ni watu wenyewe: wanahama kwenda kunakonoga, na aliyebaki na uwanja mtupu amepigwa. Mwaka mmoja wapinzani wao walimtuma mtu akajificha kwenye mtama wakati wa mazoezi, akaukariri wimbo wake mpya. Wakajigamba kwamba watauimba wao kwanza siku ya mashindano.

"Ukafanyaje?" Lusia akauliza.

"Sikusubiri siku ya mashindano. Nilikwenda kijijini kwao, siku ya mnada, na kundi langu lote, nikauimba katikati ya watu wao. Mara tatu. Siku ya mashindano walipofungua mdomo, uwanja mzima ukaitikia, 'Huo wa Manyanda!'" Akacheka peke yake, na kwa kitambo kidogo nilimwona kijana mwenye majivuno aliyekuwa zamani. Kisha akanigeukia. "Huyu wako anataka kuimba lini?"

"Jumamosi saa sita mchana."

"Sisi tunaimba Ijumaa."

Nikamwambia haiwezekani. Filamu haijakamilika, maandishi ya tafsiri chini ya picha sijaweka, na palipo na Kisukuma Wabende hawataelewa, palipo na Kibende Wasukuma hawataelewa.

"Maandishi ya nini?" Lusia akasema. "Nani atayasoma? Mimi macho yangu yanaona ngedere kilima cha pili, barua ya mwanangu hayaioni. Baba yako si alikuwa anasema kwenye banda? Aje aseme."

"Usiku watu wa mbali hawatakuja, na mchana giza tutalipata wapi?"

"Ghala la tumbaku," wakasema wote wawili kwa pamoja, wakatazamana kwa hasira kama watu waliogombea neno.

Ghala la chama cha msingi cha wakulima halina dirisha hata moja, na tumbaku ya msimu ilikuwa imeshasombwa. Ufunguo alikuwa nao Makarius, mwenyekiti wa chama, ambaye ni shemeji yake Lusia. Ndaki, mtoto mkubwa wa Manyanda mwenye pikipiki, akatumwa kupeleka habari mpaka vijiji vya Mwese. Kabla jua halijageuka mambo yalikuwa yameshapangwa.

Lakini niliporudi kwenye bodaboda, mzee alinisindikiza peke yake. Tulipofika barabarani akasimama.

"Watacheka?" akaniuliza.

Nilitamani kumwambia hapana. Miaka mitatu ya chuo ilinifundisha mwanga na sauti, haikunifundisha kujibu swali lile.

"Sijui, mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Umesema kweli. Haya, nenda."

Baba nilipomweleza, alikataa. Alisema sauti imekauka, alisema miaka sita hajashika kipaza sauti, alisema watu wa siku hizi wamezoea mambo mazuri. Kisha nikamwona anafuta kioo cha projekta kwa fulana yake safi. Alhamisi yote aliitazama filamu akitembea tembea chumbani na kunong'ona. Kibende ni lugha ya mama yake, na Kisukuma alikiokota miaka yake ya sokoni. Jioni aliniuliza, "Nivae nini?"

Ijumaa saa nane mchana ghala lilikuwa limejaa, na watu walikuwa bado wanakuja. Wengine walikuwa wametembea kutoka milima ya Mwese tangu alfajiri, viatu mkononi ili visichakae. Walikaa kama nilivyoogopa: Wasukuma kushoto, Wabende na wenzao kulia, na katikati njia nyembamba ya sakafu tupu ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Tulitundika shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja. Makarius akafunga mlango. Giza likaingia, isipokuwa matundu ya misumari kwenye bati, yaliyokuwa yanang'aa juu yetu kama nyota. Halafu vumbi la tumbaku likaanza kazi yake. Mtu mmoja akapiga chafya, wa pili akafuata, na kwa dakika nzima pande zote mbili zilikuwa zinapiga chafya na kuombeana afya. Nadhani hilo ndilo lililotusaidia kwanza.

Jenereta likaunguruma nje. Picha ya kwanza ikatokea: milima yao wenyewe, asubuhi, na moshi wa jikoni kwa Lusia. Ghala likaguna. Wengi wao walikuwa wameona miji ya dunia nzima kwenye simu. Milima yao hawakuwahi kuiona ukutani, mikubwa kuwapita.

"Yule mbuzi wa kwetu!" mama mmoja akapaza sauti, na baba, bila kukosa pumzi, akamsemea mbuzi: "Nimelipwa majani matatu tu kwa kazi hii!"

Kicheko kilichofuata nilikijua. Ni kile cha banda la utoto wangu. Nilimtazama baba kwenye mwanga wa shuka, amevaa koti lake la harusi, kipaza sauti kimekaa mkononi kana kwamba hakikuwahi kutoka. Alikuwa anasema Kibende kwa Kiswahili, Kisukuma kwa Kiswahili, anaweka utani wake pale alipoona panafaa, na pale pasipofaa anausimamisha. Watu waliitika, walimwonya mjane. Ng'ombe walipoingia kwenye mahindi, upande wa kulia ukalia "Aaah!", na upande wa kushoto ukanyamaza kabisa.

Mzee Manyanda alikuwa kiti cha mbele, upande wa kushoto, mgongo umenyooka. Lusia mbele upande wa kulia. Sikuwa natazama filamu tena. Nilikuwa namtazama mzee.

Likafika tukio la mwisho. Fimbo. Shuka jekundu. Kamba. Baba akashusha kipaza sauti. Tulikuwa tumepatana atafsiri mpaka mwisho, lakini alikishusha, na mpaka leo anasema hakujua kwa nini. Magoti yakashuka. Kwenye shuka nyeupe yalikuwa makubwa kama mlango, na sauti ya mzee ikasikika kwa Kisukuma, chini chini, ikikatika katika.

Upande wa kushoto ulikuwa unaelewa. Wanawake walishika midomo. Upande wa kulia watu walianza kuulizana, "Anasema nini? Anasema nini huyu?" Kijana mmoja nyuma akacheka kidogo. Kicheko kifupi tu, cha mtu asiyejua afanye nini. Lakini kilisikika ghala zima.

Mzee Manyanda akasimama.

Akavuka ile njia tupu ya katikati, akasimama kwenye mwanga wa projekta, na kivuli chake kikaangukia juu ya picha yake mwenyewe iliyopiga magoti. Akamgeukia Lusia.

"Nilisema Kisukuma siku ile," akasema kwa Kiswahili, na hakuhitaji kipaza sauti. "Hukuelewa, na mimi nilifurahi hukuelewa. Sasa naisema. Nilisema hivi: Mama Lusia, faini nililipa kwa baraza, kwako sikuja. Mwezi wa pili ule nilipita kwako nikaona jiko halina moshi siku mbili. Nikajua ni kwa sababu ya ng'ombe wangu. Nikapita. Nina maziwa nyumbani, nikapita. Hilo ndilo lililonishusha chini, siyo mahindi."

Hakuna aliyepiga chafya.

Lusia alikuwa analia, ila ulimi wake ni ulimi wake. "Sasa si ungesema Kiswahili siku ile ile, mzee! Umeningojesha mpaka waje watu wote hawa!"

Ghala likalipuka. Walicheka pande zote, wakalia wakicheka, na Mzee Manyanda akacheka kuliko wote, amesimama kwenye mwanga, meno nje. Halafu wanawake wa Kisukuma wakapiga vigelegele, na wa upande wa pili wakavipokea. Makarius alipofungua mlango na jua likaingia, ile njia ya katikati haikuwepo tena. Sikuona imezibwa saa ngapi.

Kesho yake, Jumamosi, nilikaa na baba bandani juu ya magunia, simu katikati yetu. Saa sita na dakika sita ikaingia. Mwizi alikuwa mtu wa neno lake. Kipande kile cha sekunde ishirini na mbili kikaingia kwenye grupu la wakulima, grupu la soko, grupu la waliosoma pamoja, na juu yake ameandika, "Mzee wa ng'ombe apiga magoti kwa mwanamke."

Nilishika mkono wa baba.

Jibu la kwanza lilikuwa la mtu wa Kabungu: "Umechelewa ndugu. Tumeshaiona jana, tena yote." La pili: "Mimi nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya Makarius." La tatu: "Hapo mzee anasema maneno mazito, wewe uliyeposti huyajui." Mtu wa Mpanda akauliza anasema nini, na hapo ndipo walipoanza kujibu kwa makumi, kila mmoja kwa namna yake, wengine kwa sauti, wakibishana kama ni siku mbili au tatu bila moshi. Mpaka alasiri watu walikuwa wanauliza swali moja tu: inaonyeshwa wapi tena?

Baba alikuwa ameshasimama. Alikuwa anaanza kusogeza magunia.

Sisemi kwamba tulimshinda mwizi. Filamu iliingia madukani kama alivyotishia, na hata leo unaweza kujaziwa kwenye flashi pamoja na nyingine kumi na tisa. Kesi yangu bado iko polisi na naifuatilia. Lakini kwenye zile flashi hakuna sauti ya baba, na palipo na Kisukuma hakuna anayesimama kukueleza. Watu wamelijua hilo wenyewe. Jumamosi iliyofuata banda letu lilifunguliwa, na ile namba ya mwizi nikaitumia ujumbe mmoja tu: "Karibu banda la Deo, saa nane mchana. Umeiona, hujaisikia." Alisoma.

Foleni siku ile ilitoka mlangoni mpaka kwa muuza vocha. Mama Lusia alikuja akiwa amesuka nywele, anamwambia kila mtu kwamba Sinema atazaa mwezi wa kumi. Mzee Manyanda alichelewa, kwa makusudi nadhani. Alikuja amevaa shuka lile lile jekundu na kofia mpya. Suzana, binti wa jirani aliyekuwa anatusaidia kukata tiketi, hakumjua.

"Tiketi, babu," akamwambia.

Mzee akanyooka. Akatazama foleni yote, taratibu, mwanzo mpaka mwisho, akahakikisha wanamtazama.

"Binti," akasema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "mimi ndiye niliyepiga magoti."

Na watu wakampisha apite.